Mji Mkuu, Makao Makuu na Boma: Juu ya Majina ya Mahali pa Utawala katika Bonde la Kilombero

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi moja ya Kiingereza juu ya Wabena wa Bonde la Kilombero. Sentensi yenyewe haikuwa na ugumu. Ilisema tu kwamba Kiwanga, aliyekuwa mtawala wao mwishoni mwa karne ya 19, alikaa Utengule. Kisha ikaitaja Utengule kwa lile neno ambalo kila mtoto wa shule hulikariri katika somo la jiografia, anapojifunza kwamba Uganda ina Kampala na Ufaransa ina Paris. Mwanafunzi wa kwanza aliandika mji mkuu. Wa pili, makao makuu. Wa tatu, ikulu. Na wa nne, ambaye kwao ni Ifakara, aliandika boma. Nikawapa wote alama sawa, nikaenda zangu. Usiku ule nilitambua kwamba nimekosa.

Maneno yale manne hayasemi jambo moja. Anayechagua moja badala ya jingine huwa ameamua, pengine bila kujijua, jambo la historia: kwamba watu wale walikuwa na dola ya namna gani, au kama walikuwa na dola hata kidogo. Ramani za wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 zilitia alama mahali pa kila mtawala waliyemsikia. Mtawala akihama, alama ikabaki pale pale, na msomaji wa baadaye akadhani kwamba ufalme umevunjika. Sisi tuandikao kwa Kiswahili hatuna haja ya kuirithi alama hiyo, maana lugha yetu inayo maneno mawili mahali ambapo Kiingereza hutumia moja. Ila yafaa tuujue mpaka uliopo kati ya maneno hayo, nasi twautumia kila siku bila kuutazama.

Tuanze na -kuu. Kiswahili hutenga -kuu na -kubwa. Mji mkubwa ni mji wenye nyumba na watu wengi; mji mkuu waweza kuwa mdogo. Tusemapo njia kuu, mlango mkuu, sikukuu, mkuu wa wilaya, hatupimi ukubwa, twataja cheo. Mzizi huu ni wa kale sana katika lugha za Kibantu, na hapo kale ulikuwa na l katikati, ambayo Kiswahili kimeipoteza kama kilivyoipoteza katika neno mguu, ambalo kwa Kiganda hata leo ni okugulu. Kiganda na Kisukuma husema -kulu, Kizulu -khulu, Kinyarwanda -kuru. Na Mnyarwanda akitaka kutaja mji mkuu husema umurwa mukuru. Hapo zamani mzizi huu ulichanganya ukubwa wa cheo na ukubwa wa umri, na ile maana ya umri haijatutoka kabisa: imebaki katika nguo kuukuu. Basi mji mkuu na tambara kuukuu ni ndugu wa tumbo moja, ingawa si habari ya kuwapelekea wakuu.

Na ikulu je? Hili si neno la pwani. Limetoka bara, Unyamwezini na Usukumani, ambako ikulu ilikuwa ni makazi ya mtemi pamoja na ua wake na watu waliomzunguka. Limeundwa kwa kiambishi i- na mzizi ule ule -kulu. Kiswahili kililipokea pamoja na l yake, na kwa sababu hiyo masikio yetu hayakulitambua kuwa ni ndugu wa mkuu. Likawa jina la nyumba ya Rais. Twasema 'Ikulu imetoa taarifa', yaani nyumba imesimama mahali pa mwenye nyumba. Kwa mtemi wa Unyamwezi jambo hilo lilikuwa wazi zaidi, kwa sababu ikulu ilikuwapo pale alipokuwapo. Mirambo alipojenga makazi yake, nchi yenyewe ikaja kuitwa Urambo kwa jina lake. Hapo si mji uliompa mtu cheo, ni mtu aliyeupa mji jina.

Neno mji lina historia tofauti. Katika lugha nyingi za Kibantu ndugu zake hutaja makazi ya watu wa ukoo mmoja: Kizulu umuzi, Kichewa mudzi. Kiswahili cha pwani kililipanua neno hili likatosha Lamu na Kilwa, lakini chembechembe za maana ya zamani zingalimo. Mwenyeji ni mwenye mji, yaani mtu aliye kwao. Wakunga nao huita mji ile nyumba ya kwanza ya mtoto tumboni mwa mamaye. Mji basi ni mahali pa watu wanaokaa, wanaozaliwa na kuzikwa. Mtawala aweza kuingia akatoka, mji usiondoke.

Hapa ndipo penye tofauti na makao. Makao ni tendo la kukaa lililogeuzwa jina, kama matokeo yalivyotokana na kutokea na mapatano na kupatana. Makao hayawezi kuwapo bila mwenye kukaa. Ukitaka kuipima tofauti hii, lete kitenzi kuhama. 'Makao makuu yamehama' ni sentensi isiyomshangaza mtu. 'Mji mkuu umehama' yamfanya msikilizaji asite kidogo, kwa sababu nyumba, makaburi na miembe ya mji ule vingali pale pale. Ni kweli kwamba husikika pia 'kuhamisha mji mkuu', na magazeti yaliandika hivyo Nigeria ilipotoka Lagos kwenda Abuja mwaka 1991. Lakini tukichunguza, kinachohama katika usemi huo ni ukuu peke yake: mji umevuliwa, mwingine umevikwa.

Ushahidi ulio bora kuliko hisia zangu ni lugha ya Serikali yenyewe. Mwaka 1973 Tanzania ilipoamua kuhamia Dodoma, kiliundwa chombo cha kuujenga mji huo. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na lile neno la vitabu vya jiografia. Jina lake la Kiswahili lilikuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Waliotoa jina hilo hawakuandika 'mji mkuu', na naona walifanya sawa, kwa kuwa Dodoma ilikuwa mji tangu siku za Wajerumani; lililokuwa jipya ni kukaa kwa Serikali. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa yahamia kwa kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Kwa miaka zaidi ya arobaini, basi, nchi ilikuwa na makao makuu yaliyoamuliwa na mji ambamo kazi nyingi za Serikali zilifanyika, navyo havikuwa mahali pamoja. Na Kiswahili kiliweza kulieleza jambo hilo bila kujikwaa. Waholanzi wangefurahi kuwa na maneno yetu: katiba yao yautaja Amsterdam kuwa mji mkuu, na Serikali yao hukaa The Hague.

Sasa tushuke bondeni. Mto Kilombero, ambao huitwa pia Ulanga, wapita kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, kisha hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Wakati wa masika maji hutanda juu ya uwanda mpana. Eneo la ardhi oevu lililoandikishwa mwaka 2002 katika mkataba wa Ramsar ni kilomita za mraba zipatazo 7,967. Mtu asiyeifahamu hali hiyo hawezi kuielewa siasa ya bonde, kwa sababu mahali panapofaa kukaa mwezi wa Agosti huenda pakawa ziwa mwezi wa Aprili.

Lugha za bonde hazitoki mlango mmoja. Kipogoro na Kindamba, katika mpango wa Guthrie, ni G51 na G52. Kibena ni G63, ndugu wa karibu wa Kihehe na Kisangu. Kimbunga kimewekwa mbali, katika P15, pamoja na Kingindo na Kimatumbi. Wandamba walikuwa wavuvi na watu wa mitumbwi, Wapogoro wakulima wa milimani na bondeni. Hawa wote wawili hawakuwa na mtawala mmoja juu yao, na kwa sababu hiyo swali la makao makuu yao halina jibu, wala si aibu kukosa jibu. Wambunga walitokea katika vurugu za vita vya Wangoni na kukaa upande wa Ifakara. Wabena walikuja kutoka nyanda za juu. Katika miaka ya 1870, waliposukumwa na nguvu ya Wahehe iliyokuwa ikikua, watu wa Mtengera walishuka wakaweka utawala wao bondeni, na baada yake akatawala Kiwanga. Habari zao twazipata hasa katika kitabu cha A. T. na G. M. Culwick kilichotoka mwaka 1935, ambacho Mtema Towegale Kiwanga naye alichangia. Watafiti wa historia wamekitumia sana kitabu hicho. Watu wa lugha hawajakitumia vya kutosha.

Mahali pa utawala wa Wabena hawa ndipo Utengule, ambayo leo ni jina la kata katika bonde. Lakini jina hili halipatikani bondeni tu. Iko Utengule ya Usangu, makao ya akina Merere, watawala wa Wasangu. Iko tena Utengule ya Usongwe, karibu na Mbeya, ambako Merere alijenga ngome alipofukuzwa na Wahehe, kabla ya Wasangu kurudi kwao katika miaka ya 1890. Utengule tatu, kila moja mahali pa mtawala, na zote kwa watu wa lugha za kundi moja la G60. Ni vigumu kuamini kwamba majina haya yalizuka kila moja peke yake. Nionavyo mimi, Utengule haikuwa kwanza jina la ardhi. Lilikuwa jina la namna ya mahali, ambalo watu walilichukua pamoja na ngoma na mikuki walipohama.

Juu ya asili ya neno lenyewe nitasema machache, kwa tahadhari. Kinyakyusa kina ulutengano, maana yake amani. Kiswahili kina tengenea, yaani kukaa sawa, kutulia katika hali njema, na kutokana nacho tumepata kutengeneza, ambalo leo twalitumia hata kwa baiskeli. Mzizi -teng- wenye maana ya kuweka jambo mahali pake upo basi kusini na pwani pia. Ikiwa u-teng-ul-e ni wa mzizi huo, Utengule ingekuwa mahali ambapo mambo yametulia. Kwa Wabena waliotoka vitani na kwa Merere aliyetoka ukimbizini, jina hilo lingekuwa na uzito wake. Sitaki kulitia pendekezo hili nguvu kuliko lilivyo. Kiambishi -ul- katika Kibantu aghalabu hufungua au kugeuza tendo, kama katika fungua na zibua, na ni lazima mtu anayekijua Kibena kuliko mimi aonyeshe jinsi kinavyofanya kazi hapa.

Jirani zao Wahehe watupa mfano ulio wazi zaidi. Ngome yao ilikuwa Kalenga, yenye ukuta mkubwa. Kwa Kihehe ngome ni lilinga. Wajerumani waliposikia neno hilo walilifanya kuwa jina la mji, Iringa, na ndivyo walivyoiita Kalenga. Waliishinda Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwashinda wao kule Lugalo mwaka 1891. Na mwaka 1896 walipoanza kituo chao kipya juu ya kilima, kilomita kadhaa kutoka Kalenga, walikiita Iringa vile vile. Jina la ngome likaondoka ngomeni likaenda kwa mshindi. Kalenga ikabaki na jina lake la mahali, lakini bila jina la kazi yake. Wanahistoria husema kwamba mji mkuu wa Wahehe ulitekwa, na ni kweli. Lakini Mkwawa hakujitoa roho mpaka Julai 1898, na katika miaka ile karibu minne makao ya Wahehe yalikuwa popote alipolala usiku ule. Kama makao makuu na mji mkuu ni kitu kimoja, basi vita vile viliisha mwaka 1894, na hao Wajerumani waliokuwa wakimwinda porini walikuwa wakifanya nini?

Mambo haya si ya kusini peke yake. Buganda, ambayo wageni waliisifu kwa mpango wa serikali yake, iliyahamisha makao yake mara nyingi kuliko Wabena. Kila Kabaka alijenga jumba lake juu ya kilima alichokichagua, na alipokufa jumba likawa kaburi. Kasubi, lililojengwa mwaka 1882 na Mutesa wa Kwanza, likawa kaburi lake mwaka 1884. Kiganda huita mji wa Kabaka kibuga, neno lililotokana na embuga, yaani baraza la mtawala. Mji umetokana na baraza, si baraza na mji. Hakuna aliyepata kusema kwamba Buganda haikuwa dola kwa kuwa kibuga chake kilitembea kutoka kilima hata kilima. Wabena hawakupewa ukarimu huo, nadhani kwa sababu walikuwa wachache na bonde lao lilikuwa na mbu wengi.

Nimebakiza boma. Kwanza ni lazima nifukuze uvumi ambao wanafunzi huniletea kila mwaka, kwamba boma ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya ofisi ya mkoloni. Stanley alilitumia neno hili katika kitabu chake cha mwaka 1878, wakati ambapo hapakuwa na ofisi ya Mwingereza hata moja ya kutawala bara letu. Boma lilikuwa ua wa miti au miiba wa kuzuia adui na simba, na wafugaji hata leo wanalo. Lina uhusiano na kubomoa, au masikio yetu ndiyo yanayotudanganya? Tunalo choma na chomoa, lakini boma kama kitenzi hatunalo, na mimi naliacha swali hapo.

Mjerumani alipojenga kituo chake cha kuta nene, wenyeji walikiita kwa jina la kitu walichokuwa wakikijua. Ua wa kuzuia simba ukawa ua wa serikali. Katika nchi hii ya bonde, boma hilo lilikuwa Mahenge, juu milimani, mbali na mafuriko. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji, wengi wao Wapogoro na Wambunga, walilishambulia, wakaangushwa kwa bunduki za mtombo. Kiwanga alikuwa upande wa Wajerumani, kama alivyokuwa nao juu ya Mkwawa. Kwa hiyo katika bonde moja palikuwa na makao makuu mawili yaliyosaidiana, Utengule na boma, huku wananchi wengi wakipigana na la pili. Oktoba 1917 Wabelgiji waliichukua Mahenge, kisha ikawa mikononi mwa Waingereza, ambao katika mpango wao wa mwaka 1926 waliifanya hata kuwa jina la jimbo. Bendera tatu zilipandishwa pale, na boma halikuhama.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo nataka wenzangu waitazame. Utengule ilikwenda na mtawala wake. Boma lilikaa na kubadili watawala. Utengule ilikuwa makao yaliyotafuta mahali, boma lilikuwa mahali palipopokea yeyote. Wazee wetu waliliona jambo hili mapema kuliko wataalamu, maana hawakusema 'naenda kwa Mjerumani', kisha 'kwa Mwingereza'. Walisema 'naenda bomani', na mtu wa Ifakara aliyekwenda kulipa kodi au kushitakiwa alisema neno lile lile chini ya bendera zote. Uhuru ulipofika mwaka 1961 neno hilo halikufa. Hata leo, watu husema wanakwenda bomani hata kama ofisi ya Mkuu wa Wilaya ni jengo la juzi lenye vioo.

Ifakara yenyewe haikukua kwa sababu ya boma. Jina lake watu hulieleza kwa kufa, kwamba ni mahali mtu aendapo akafa. Maelezo hayo yachukua -fa- na kuiacha -kara ikining'inia bila kazi, nami huyaweka pamoja na hadithi nyingine ambazo miji ya tambarare yenye homa husimuliwa na watu wa milimani. Mji ulikua kwa sababu ya kivuko, soko na mpunga, kisha hospitali ya misheni, kisha maabara ya Waswisi iliyoanzishwa mwaka 1957, ambayo leo ni taasisi kubwa ya utafiti wa malaria, kisha reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Daraja la mita 384 juu ya mto, lililofunguliwa mwaka 2018, lilimaliza habari ya kivuko na kuikaribisha Mahenge. Katika miaka ya 1970 pia Wilaya ya Kilombero ilitengwa na Ulanga, na Ifakara ikawa makao makuu yake. Watu walikuwa pale tayari, makao yaliwafuata.

Si bure kwamba husikii mtu wa Ifakara akisema mji wake ni 'mji mkuu wa wilaya'. Hivyo huandika baadhi ya vitabu na makala, hasa vikitafsiriwa, lakini Serikali na wenyeji husema makao makuu ya wilaya, makao makuu ya mkoa. Mji mkuu hubaki kwa nchi. Na sababu nyingine imeongezeka: mji sasa ni cheo cha sheria. Upo mji mdogo, upo mji, ipo manispaa, lipo jiji. Ifakara ni Halmashauri ya Mji. Dodoma ni jiji, ambalo ni mji uliokuzwa kwa kiambishi. Mwanafunzi aambiwaye kwamba Dodoma ni jiji, na papo hapo kwamba ni mji mkuu, ana haki ya kuuliza kama imepandishwa au imeshushwa.

Niongeze jambo dogo juu ya majina ya maeneo, kwa sababu lahusiana na hayo. Mikoa mingi ya Tanzania yachukua jina la mji wa makao makuu: Morogoro, Iringa, Tabora, Mwanza. Mingine yachukua jina la mto, ziwa au mlima, na hapo makao makuu huwa na jina lake mbali: Ruvuma na Songea, Rukwa na Sumbawanga, Mara na Musoma, Kilimanjaro na Moshi. Bonde letu lilifuata njia ya pili kwa ukamilifu wa ajabu, maana Ulanga na Kilombero ni majina mawili ya mto mmoja, na wilaya mbili zikagawana mto huo kwa majina. Lakini sasa njia inageuka. Malinyi ilipotolewa Ulanga ilichukua jina la mji. Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero, baada ya Ifakara kuwa na halmashauri yake, ilibadilishwa jina ikawa ya Mlimba, na katika Sensa ya mwaka 2022 ndivyo ilivyoandikwa. Jina la mto ni la watu wa kingo zote mbili. Jina la mji huwauliza watu wa mji mwingine kwa nini si wao, na nimeyasikia maswali hayo kwa masikio yangu katika mabasi ya bondeni.

Kwa watunga kamusi nina ombi moja. Makao makuu isielezwe kuwa ni 'ofisi kuu' tu, kana kwamba ni neno la kampuni na vyama. Iandikwe kuwa ni mahali anapokaa mwenye mamlaka, pakiwa mji au pasiwe mji, na kwamba yaweza kuhama. Mji mkuu iandikwe kuwa ni mji wenye cheo cha kwanza katika nchi. Boma lipewe maana zake zote mbili kwa mfuatano wake, ua kwanza, serikali baadaye. Na kwenye ikulu itajwe asili yake ya Kinyamwezi na Kisukuma, ili mtoto wa Tabora ajue kwamba neno hilo lilitoka kwao.

Sentensi ya wanafunzi wangu sasa naifasiri hivi: Kiwanga alikuwa na makao yake makuu Utengule. Nilipoirudisha darasani, yule wa Ifakara aliuliza kwa nini boma lake limekataliwa, kwa kuwa mahali pa Kiwanga napo palikuwa na ua. Nikamjibu kwamba kwa msomaji wa leo boma lina bendera juu yake, naye Kiwanga angeonekana kama karani wa wilaya. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa Wapogoro wa mwaka 1905 huenda ndivyo alivyoonekana. Alama zake nimezipandisha, lakini tafsiri sikuibadili.